Arobaini Iliyosogezwa Mbele

Binti yangu alikuja duniani bila kupiga hodi. Mimba ilikuwa ya miezi saba, nami nilikuwa sokoni Kamembe, nimeinamia cherehani, napigana na zipu ya gauni la mteja aliyenenepa kuliko alivyotaka kukubali. Tumbo lilipoanza kuuma nilisingizia maharage ya jana. Jioni yake nilikuwa hospitali na mtoto ameshatoka, mdogo kiasi kwamba hakuna hata nguo moja kati ya zile nilizomshonea iliyomfaa. Mimi fundi wa nguo, mtoto wangu wa kwanza akalala kifuani kwangu na kofia ya sufu tu na nepi iliyomfika kwapani.

Pale hospitali walimfunga kwangu kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, wakaniambia kuwa kifua changu ndicho joto lake. Nilikamua maziwa kwenye kikombe, nayo yakapitishwa kwenye mpira mwembamba ulioingia puani mwake. Nilipochoka, mume wangu alinipokea. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, kifua chake kimejaa makovu ya cheche, na alipowekewa mtoto pale juu aliogopa hata kupumua kwa nguvu. Sijawahi kumpenda kama siku zile.

Mama mkwe wangu alikuja kila siku na supu kwenye thamosi. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyezaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akaolewa upande huu wa daraja, na tuliishi kwake, kwenye nyumba ya mtaa wa Waislamu karibu na msikiti. Alisubiri hadi nimalize supu yote, akamtazama mtoto kwa mbali, akaondoka. Hakumgusa hata mara moja. Nilidhani anamwona kinyaa, na jambo hilo liliniuma.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja mpole alitukalisha wote watatu na kutupa maelekezo. Kuna matone ya kumpa kila siku, tusiyakatishe. Arudishwe kupimwa uzito kila mwezi. Na tusije tukavunjika moyo tukimlinganisha na watoto wengine, kwa maana huyu alitangulia.

"Umri wake muhesabu tangu siku alipashwa kuzaliwa," alisema, "hapana ile siku alizaliwa."

Mume wangu alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilitikisa kichwa. Mama mkwe ndiye aliyelishika neno lile, akalifunga kwenye pindo la kanga pamoja na vitu vyake vyote vya thamani.

Katika nyumba zetu, mzazi na mtoto hukaa ndani hadi arobaini. Siku hiyo mtoto huogeshwa, hufukizwa ubani, huvishwa vizuri na kutolewa nje kuonyeshwa kwa jamaa na majirani. Kabla ya hapo hatoki, na wageni hawamkodolei macho. Sasa arobaini ya binti yangu ilipokaribia, nilianza kuulizia mchele wa pilau. Mama mkwe akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Munganga mwenyewe alisema huyu hajazaliwa bado," akasema, akimaanisha yule muuguzi. "Mutu hajazaliwa, arobaini yake inaanza namna gani?"

Nilicheka. Mume wangu naye alicheka, tena kwa sauti. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: arobaini ya mjukuu wake ingeanza siku ile ambayo mimba ingetimia, si kabla. Ilikuwa hesabu safi, haikuwa na tundu la kupenyea, na ilitoka hospitali. Ningebishana na nani?

Kwa hiyo tulingoja. Siku zile mpya zilipotimia, mvua zilikuwa zimeanza na upepo wa ziwani unaingia hadi mifupani, basi arobaini ikasogezwa mbele. Zilipokatika, kukawa na surua mtaa wa pili. Ikasogezwa. Halafu kukawa na msiba nyumba ya jirani, na mtoto mchanga hapitishwi kwenye msiba. Kila sababu ilikuwa na kichwa na miguu. Mtoto alikaa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo la kutazama ukuta, amevishwa soksi, kofia na sweta mbili, na mama mkwe hakumwacha hata kwenda chooni bila kumwita mtu akae naye. Yule aliyeogopa kumgusa hospitalini sasa hakumweka chini, na kumwogesha na kumvisha ikawa kazi yake.

Mwezi wa kupima uzito ulipofika, alikataa. Akina mama wa mtaa wetu walikuwa wakikusanyika kwa mshauri wa afya, mizani imening'inizwa kwenye boriti, kila mtoto anatiwa kwenye mfuko wenye matundu ya miguu, na wote wanaona mshale unaposimama. Mama mkwe alisema mjukuu wake si nyama ya bucha. Matone yalipokwisha, kwenda kuchukua mengine kulihitaji kumtoa mtoto nje, kwa hiyo hatukwenda. Hata uji ulicheleweshwa. Nikisema sasa mtoto ana miezi sita, yeye alitoa miezi yake, akatoa na mingine ya akiba, akaniambia bado ni wa maziwa tu.

Mimi ni mtoto wa shamba, wa Gashonga. Kwetu mama anakwenda kulima, mtoto anamlaza kwenye mkeka pembeni ya muhogo, jua linampiga, kuku wanampitia, naye anakua. Nilimwambia mama mkwe hivyo. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayesifia chakula cha kwao, kisha akafunga mlango wa chumba taratibu. Na niseme kweli yote: nilikuwa nikirudi kutoka sokoni saa sita kunyonyesha, nakuta mtoto safi, hana mafua, hana homa, amelala. Wenzangu tuliokuwa nao wodini, wawili walikuwa wameshazika. Mtu anayekuhifadhia mtoto hai utamwambia nini?

Asubuhi nyingi alipita mwanamke mmoja wa Bukavu, muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, ambaye alivuka mpaka na beseni lake kichwani hata kabla wengine hawajafungua milango. Alikuwa na mdomo mpana na moyo mzuri, vitu ambavyo mara nyingi hukaa pamoja. Akishusha beseni mlangoni petu alichungulia kwenye pazia na kuuliza, "Kale katoto kako na myezi ngapi sasa?" Mama mkwe alijibu kwa kupunguza. Mwanzo alipunguza ile miezi ya hospitali. Baadaye alipunguza kwa ukarimu zaidi. Kwa hesabu zake binti yangu alikuwa anarudi tumboni.

Idi el Fitri ya kwanza mtoto alikuwa na miezi minne. Nilimshonea gauni la satini ya kijani, nikaliacha kubwa na kulipinda chini kwa upindo mnene wa vidole vinne. Ndivyo tunavyowashonea watoto: upindo wa kukulia. Mtoto akirefuka unafumua, unashusha, gauni linakuwa jipya. Alivalishwa mle mle chumbani, akaonyeshwa kwa mashangazi kupitia pazia, akavuliwa.

Idi el Fitri ya mwaka uliofuata nililitoa sandukuni. Nilikuwa na wembe mkononi, tayari kufumua, nikiwaza kama vidole vinne vitatosha au itabidi niunge kitambaa kingine. Nikamvisha kwanza ili nipime. Gauni lilimfika palepale kwenye vifundo, kama Idi ile ya kwanza. Nilimvua nikamvisha tena, nikafikiri labda nimeliweka vibaya. Kifuani lilikuwa na nafasi bado. Mabegani lilikuwa na nafasi. Mtoto alikuwa amepita mwaka mmoja na miezi kadhaa, na upindo wa kukulia haukuwa na kazi.

Nilimsimamisha mapajani kwangu. Watoto wa umri ule wanakusukuma kwa miguu hadi unaomba msamaha. Yeye aliikunja, akalia, kana kwamba nimemkanyaga. Ndipo nilipomvua soksi kwenye mwanga wa mlangoni na kuitazama miguu yake vizuri kama ninavyotazama mshono wa mtu mwingine. Ilikuwa imepinda nje, yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na vinundu pale vinapoungana na mkono. Nilimfunga mgongoni, nikatoka naye sikukuu ile ile, sikuaga mtu.

Kwa sababu ya sikukuu yetu hospitali haikuwa na foleni. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Alimpima, akampiga picha ya mkono, akarudi nayo na kuishikilia dirishani. Aliniuliza mtoto anacheza wapi. Nikasema chumbani. Akauliza anakula nini. Nikasema. Hakunigombeza, na nilitamani angenigombeza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alinieleza kwamba miezi ile ya mwisho tumboni ndipo mtoto anapoiwekea mifupa yake akiba, na huyu aliondoka kabla ya kuichukua. Wa namna hii anahitaji yale matone, chakula na jua kuliko watoto wengine, si pungufu. Wangu alikosa vyote vitatu, na mifupa imebaki laini.

Nilimuuliza swali moja tu, kama atatembea.

Alisema anaamini atatembea, ila atachelewa, na tumrudishe kila mwezi bila kukosa. Miguu inaweza kunyooka kwa kuwa bado ni mdogo. Urefu hakuniahidi. Aliniandikia dawa, akanitajia vyakula, mayai, maziwa, sambaza wa kusagwa na mifupa yao, na akasema kila asubuhi mtoto akae nje, miguu wazi.

Nilirudi nyumbani ningali na hasira ambayo hata leo naikumbuka ladha yake. Wageni wa Idi walikuwa wamekaa, pilau limepakuliwa. Nilisimama mlangoni nikasema kila kitu mbele ya watu, mambo ambayo mkwe hamwambii mama mkwe hata wakiwa wawili. Nilisema amemkunja mjukuu wake kama kitambaa na kumfungia sandukuni. Mume wangu aliinua mkono kuninyamazisha, akaushusha. Mama mkwe aliinuka akaanza kuondoa sahani, hata zile ambazo watu walikuwa hawajamaliza.

Kuanzia kesho yake nilimbeba mtoto kwenda naye sokoni. Nilitaka kumwonyesha mama mkwe kwamba simhitaji, na soko likanionyesha mimi. Kibanda changu ni cha mabati, kivuli mchana kutwa, vumbi la vitambaa linamkoholesha mtoto, na kila mteja anashika mguu wake na kuuliza. Kumweka nje juani kulikuwa ni kumweka kwenye njia ya mikokoteni. Nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Jioni tulirudi wote wawili tukilia, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuongea naye isipokuwa mume wangu, aliyekuwa amehamia kwenye kuchomelea hata vitu ambavyo havijavunjika.

Siku moja saa za adhuhuri niliinua kichwa nikamkuta mama mkwe amesimama mbele ya kibanda. Hakuwa mtu wa kuja sokoni. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akamtazama mtoto aliyelala kwenye kapu la vipande vya nguo, na nikajiandaa kwa ugomvi.

"Wangu nilimutoshaka inje," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, akiangalia mikono yake. Kabla ya mume wangu kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyemzalia kwao Bukavu, naye pia kabla ya siku zake. Kulikuwa hakuna kufungwa kifuani wala mpira wa puani. Alimlea ndani ya pamba na joto la moto wa kuni, akamfikisha arobaini, na watu walisema ni muujiza. Siku ya arobaini alimvisha, akamzungusha nyumba kwa nyumba kwa furaha ya kumwonyesha. Mvua iliwakuta njiani. Mtoto alianza kukohoa usiku ule, na kabla juma halijaisha walimzika. Mume wangu hajawahi kuambiwa kwamba alikuwa na kaka.

"Muguso moja tu na angekufa, niliona vile," akasema juu ya zile siku za hospitali. "Halafu mukanipa yeye kwenye mikono."

Nilikuwa na sindano mdomoni, nikaitoa. Hasira yangu haikuisha, sitadanganya, hasira haifutiki mara moja kama chaki. Lakini haikuwa na mahali pa kukaa tena. Mwanamke yule alikuwa amelipa kosa la kutoa kwa kosa la kuficha, na katikati ya makosa hayo mawili alikuwepo binti yangu, amelala kinywa wazi juu ya vipande vya satini. Nilimwambia yale daktari aliyosema, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kukaa naye juani asubuhi, na mtu mwingine wa kumwamini sina. Kisha nikamwinua mtoto kutoka kwenye kapu nikamkabidhi.

Alimpokea. Akakaa naye kidogo, halafu mwenyewe, kwa mikono yake, akamvua soksi.

Kesho yake asubuhi alitandika mkeka mbele ya nyumba, upande wa barabara, mahali jua linapofika mapema. Mtaa mzima ulipita pale kwenda kazini. Akamkalisha mtoto na ile miguu iliyopinda ikiwa wazi, akakaa pembeni yake na tasbihi. Nilimwona alivyonyoosha kiganja juu ya utosi wa mtoto kumkinga jua, akakirudisha, akakinyoosha tena. Watu walitazama, na wengine walisema. Mmoja aliuliza kama ni uchawi. Mama mkwe alimjibu kwamba ni mifupa, na kama anajua dawa ya mifupa aseme, kama hajui apite, anawazibia jua.

Sambaza walikaangwa kavu, wakatwangwa kwenye kinu hadi wakawa unga, wakatiwa kwenye uji. Alitwanga mwenyewe, wala hakumwachia mtu. Yai la asubuhi alimlisha kwa kijiko huku akimsimulia mambo yasiyo na maana. Alimpeleka kwenye mizani, akamtia kwenye mfuko ule ule wa nyama ya bucha, na mshale ulipokaa pabaya alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, lakini mwezi uliofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mume wangu alichomelea kigari cha mabomba chenye magurudumu ya feni kuukuu, cha mtoto kushikilia na kusukuma. Kilipiga kelele mtaa mzima. Hakuna aliyelalamika, au waliolalamika walimwogopa mama mkwe.

Mabadiliko yalikuja polepole hata sisi wa nyumbani hatukuyaona yakija. Vinundu vya viganja vilipungua. Mtoto akaacha kulia tukimsimamisha. Akawa anajivuta kwenye chochote kilicho karibu na kusimama: kigoda, kinu, goti la bibi yake, na zaidi ya vyote beseni la sambaza, kwa kuwa linang'aa. Mwenye beseni alikuwa amezoea kukaa nasi kidogo kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Alikuwa ameacha kuuliza umri, nadhani kwa kutuhurumia.

Siku moja kabla ya Idi ya tatu, tulikuwa hapo nje sote watatu, mimi, mama mkwe na muuza sambaza. Nilikuwa na lile gauni la kijani magotini nafumua upindo. Lilikuwa limembana mabega wiki ile, nikalia kama mtu aliyepata habari ya msiba, mume wangu akaja mbio kuuliza kuna nini. Nyuzi zilikuwa zinatoka moja moja, na chini yake kitambaa kilikuwa bado kibichi kwa rangi, hakijawahi kuona jua.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye ukingo wa beseni. Akaachia mkono mmoja. Akaachia na wa pili. Alisimama pale akiyumba, tumbo mbele, miguu yake imeachana katikati kwa kiasi ambacho bado ungeweza kupitisha ngumi, akamtazama bibi yake aliyekuwa upande wa pili wa mkeka. Bibi yake hakumwita, wala hakunyoosha mikono kumdaka. Alikuwa ameishika mikono yake mwenyewe mapajani, kwa nguvu, nikaona anavyojizuia. Mtoto akaja. Alikuja kwa upande, kama mtu anayepita kwenye ubao wa mtumbwi, akafika, akaanguka kwenye kifua cha bibi yake kwa kishindo na kucheka.

Mwanamke wa sambaza alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akasahau huruma yake yote, akauliza lile swali lake la zamani, kako na myezi ngapi. Wembe wangu ulisimama. Nilingoja kusikia ni kiasi gani kitapunguzwa leo.

Mama mkwe alimgeuza mtoto, akamkalisha vizuri akitazama barabara.

"Anaenda kwenye myaka mbili na nusu," akasema. "Tangu ile siku alizaliwa."